Mimi Sikumeza Ile Buni

Anaseti, mume wangu mdogo,

Wengine huanza barua kwa kuuliza hali. Mimi hali yako naijua, nilikufumba macho kwa mkono wangu, kwa hiyo sikuulizi. Nimekaa hapa mgombani, upande wa kichwa chako, na ile kalamu ya risasi uliyoiacha. Naandika polepole, herufi zangu za katekisimu ulizokuwa ukizicheka, eti zinasimama mbalimbali kama watu waliogombana. Cheka. Lakini usikilize mpaka mwisho, maana nina neno la kukuagiza, na wewe tangu utoto ulikuwa mtu wa kukimbia kabla hujatumwa vizuri.

Hapa Nyakakika tupo. Mama yako bado anamenya ndizi za kukutosha na wewe, halafu anakaa anaitazama sufuria. Baba yako amekuwa mpole, na mimi upole wake siupendi. Senene walikuja wengi mwaka huu, watoto wakakimbia nao huku na huku, nikawakaanga nikala wachache nikaacha. Hakuna wa kuninyang'anya. Mtu niliyezoea kumgombeza amekwenda, basi nagombeza mbuzi.

Nina hasira na wewe, Anaseti. Nilijizuia siku za matanga kwa sababu ya wageni. Sasa wageni wamekwenda.

Likizo yako ya mwisho ulipenda sana kwenda kukata majani ya mgomba. Wewe, mvivu wa majani tangu kuzaliwa. Nikakusikia huko ndani ya kibanja, katikati ya migomba yetu, unakohoa, umegeukia shina la mgomba kana kwamba unaliambia siri. Ulipotoka nikakuuliza, ukasema ni moshi wa jikoni. Nikakuambia moshi gani huo unaomfuata mtu mpaka shambani. Ukanijibu, "Mke wangu una wivu hata na moshi." Nikacheka. Ulijua kunichekesha, mwizi wewe. Kesho yake ukapanda lori la kahawa ukarudi chuoni kwenu, kwenda kumaliza ualimu.

Lori lilelile lilikurudisha, umelazwa juu ya magunia matupu. Baba yako alikubeba peke yake kama mtoto wa kunyonya, na wewe kijana mrefu vile. Nilitandaza nyasi mbichi ndani ya nyumba ili ulale vizuri. Nyasi hazijanyauka, ukafa.

Matangani akaja kijana mwembamba wa Nyakatuntu. Akasalimu wazee shikamoo, mmoja mmoja, halafu badala ya kukaa na wageni akaenda kulala kwenye nyasi pamoja na wajukuu zangu, kichwa amekinyoa kama wao. Baba yako mkubwa akamuuliza wewe ni nani unayelala na wenye msiba. Akainua shati lake, tukaona kovu dogo karibu na kitovu. Wazee wakamsogezea nafasi. Alikuwa Gosberti, mwenzako wa chuoni.

Kwa hiyo ndivyo. Mapadri wanawafundisha huko kwa vitabu vikubwa, na ninyi mkaenda kichakani kuchanjana kama babu zenu. Sikugombezi kwa hilo. Babu yako naye alikuwa na ndugu yake wa damu, wakagawana ganda moja la kahawa lenye buni mbili, kila mmoja akameza buni iliyopakwa damu ya mwenzake, na yule mtu alinilimia shamba mpaka alipokufa. Ni kitu cha heshima. Ninachokugombezea ni ulichomwapisha mwenzako.

Nilikijua nilipomsikia anakohoa. Asubuhi, watu wanakunywa uji, kijana kachukua kisu, akasema anakwenda kukata majani. Nikamfuata. Amegeukia shina la mgomba, kitambaa mdomoni, vilevile, Anaseti, kama mtu uliyemfundisha. Nikakishika kile kitambaa. Kilikuwa na damu.

Akaniambia ni moshi.

Nikamwambia huo moshi nimeuzika juzi. Ndipo akalia. Ikatoka kidogo kidogo, huku anakatakata maneno: kwamba ulitema damu bwenini siku nyingi, kwamba mlijua mwenye kifua huondolewa chuoni na hakuna atakayempa darasa la watoto. Ukamwomba asiseme kwa mtu yeyote, akaapa kwa buni. Kwamba alikuwa akikufulia vitambaa mtoni kabla wengine hawajaamka. Ulipotetemeka kwa baridi alikufunika blanketi lake, mkalala kitanda kimoja. Na wenzenu walipoanza kukikwepa kikombe chako, yeye alikichukua akanywa mbele yao, ili waone huna kitu.

Nimeishi miaka mingi, sijaona mapenzi kama hayo. Wala ujinga kama huo.

Nikamwambia twende kwa mkuu wenu, umwambie. Akaniambia, "Siwezi, Bibi. Mwenye kuvunja buni tumbo linamvimba anakufa. Na wakijua changu watanirudisha nyumbani, na mwaka wenyewe ndio huu wa mwisho." Nikamwuliza, na Anaseti je, amemaliza mwaka gani?

Basi nikamwambia neno ambalo mpaka leo hajanisamehe: "Buni mlimeza ninyi wawili. Mimi sikumeza."

Gosberti aliporudi chuoni, nikavaa kanga zangu za Jumapili, nikamkamata dereva wa lori kabla hajafunga turubali. Nilikaa juu ya magunia ya kahawa kama malkia, mifupa yote ikagongana, tukavuka mto Kagera, na kule nikashuka nimejaa vumbi mpaka kope. Mlinzi wa chuo akasema wanawake hawaingii. Nikamwambia aniangalie vizuri, kama bado naonekana mwanamke wa kumharibu mwanafunzi. Akafungua.

Mkuu wenu nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza. Alinipa kiti, na nilipomwambia kwamba ulikuwa ukimficha ugonjwa wako, na kwamba mwingine bado yuko bwenini anakohoa, alivua miwani akakaa nayo mkononi. Akaniuliza kwa nini hamkumwambia. Nikamjibu, kwa sababu mwenye kusema alikuwa anafukuzwa, Padri, sasa ungetaka aseme nani. Hakukasirika. Alinionyesha bweni lenu. Vitanda vimebanana kama ndizi kwenye chane, madirisha yamezibwa kwa magunia kuzuia baridi. Nikakiona kitanda chako. Kuna mtoto mwingine amelala hapo sasa, ametundika shati lake kwenye msumari wako.



Wakamleta mganga wa hospitali akawapima wote vifua. Gosberti akaonekana, na mwenzake mmoja mdogo ambaye hata hakujua anaumwa. Vitanda vimetenganishwa, magunia yameng'olewa madirishani. Na Padri amesimama kanisani akatangaza kwamba atakayeumwa kifua atatibiwa na nafasi yake itamngoja. Alitangaza, nilikuwepo. Siku hiyo nilikaa mbele.

Neno hilo moja, Anaseti. Lingetangazwa mapema, ungekuwa umeshika chaki.

Sasa sikiliza ninalokuagiza.

Gosberti yuko hospitali. Mganga anasema kifua chake kimeshikwa lakini hakijaliwa, kwamba kuna sindano, kwamba akichomwa muda mrefu na kula vizuri atapona. Lakini chakula hali. Sindano anazikataa, mpaka wamshike. Nilimpelekea ndizi na maharage, za mkono wangu, akageukia ukutani. Nikamwambia Gosberti baba, hata kama umenikasirikia, kasirika umeshiba. Halafu akasema akiwa ameupa ukuta uso, "Anaseti ananiita, Bibi. Tuliapa tusiachane. Siri yake imetoka, amekuja kunichukua."

Mimi nimebatizwa, na Padri ataniambia wafu hawaji kuchukua watu. Labda. Lakini nakujua wewe. Wewe ulikuwa huwezi kwenda hata kisimani bila mwenzako.

Basi mfungue. Nakuambia mimi, bibi yako, niliyekutafunia chakula ulipokuwa huna meno. Hakusema yeye. Nilisema mimi. Kama kuna tumbo la kuvimba na livimbe langu, limezaa, limezeeka, halina kazi nyingine. Ukikasirika, njia ya kuja kwangu unaijua, usimsumbue mtoto wa watu kitandani. Ana mama yake kule Nyakatuntu, na mama yule anafanana na wako, hata namna ya kufunga kilemba. Akija hapo mlangoni kwako kabla yangu, usimpokee. Mwambie Bibi amekataza. Na kama ni lazima uwe na mtu wa kukaa naye, ningoje mimi. Sitachelewa sana, nije nikugombeze kwa huo uongo wako wa moshi.

Kesho lori linaondoka, nami naondoka nalo. Nitamwambia kwamba nimekuandikia na kwamba umekubali. Usinifanye mwongo. Nitakwenda kwa kila lori la kahawa mpaka ale, na akila mpaka asimame, na akisimama nitamleta hapa akukatie majani makavu ya mgomba huu, kwa kisu kilekile, tena mbele ya macho ya watu. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Darasa ulilolitaka ataliingia yeye. Nami nitapita dirishani nimsikie anafundisha, nifumbe macho kidogo tu, nisikie kama ni wewe.

Barua hii naizika hapa kichwani pako, nimeifunga kwa jani la mgomba. Kwaheri, mume wangu. Nimekugombeza, sasa lala.

Na kama huko nako kuna kikohozi, kohoa kwa sauti, watu wakusikie.

Bibi yako