Majilio ya Mshumaa Mmoja

Mama Veneranda,

Naenda Tura na treni ya asubuhi, kazi ya reli. Nitarudi Jumamosi. Maharage yameiva, yaunge tu. Veneranda achote maji kabla jua halijawa kali.

~~Jumapili wanakwaya watakuja, uwapikie maandazi.~~ Hapana, hawatakuja. Nitapita kwa mwalimu wao hapa Cheyo nimwambie.

Jana usiku uliniuliza, "Majilio ya mwaka jana tulimzika mwanetu Bernardo, leo unataka niwapikie watu?" Nikakujibu, "Nyamaza, mwaka mzima wa kulia unatosha." Nilikosea, mke wangu. Nilitaka nyumba ijae watu kwa sababu ikiwa kimya namsikia Bernardo akikohoa. Sikuwahi kukuambia.

Basi mwaka huu tusijichoshe. Kila Jumapili hadi Krismasi tuwashe mshumaa mmoja, Veneranda atuimbie wimbo autakao, tule, tulale. Usikaange chochote. Usimkaribishe mtu usiyemtaka, hata dada yangu.

Na ukiona hata mshumaa ni mzigo, uache. Nitakaa nawe hivyo hivyo. Ukilia, safari hii nami nitalia.

Baba Veneranda