Ngazi za Kwako

Mwanangu kipenzi,

Pokea salamu za mama yako, ambaye ukimwona sasa utadhani ni mdogo wake. Nimepungua, mwanangu! Magauni yote nimeyabana kwa cherehani yangu mwenyewe, na vitambaa vilivyobaki vimetosha kumshonea dada yako blauzi. Daktari alinipima presha mara mbili, hakuiamini mashine yake. Akasema, "Mama, wazee wote wakiwa kama wewe, mimi nitakosa kazi."

Chumvi nimepunguza, sukari nimeiacha kabisa, soda naziangalia tu zikipita. Na kila asubuhi, kabla sijaanza kushona, napanda ngazi za jengo letu mpaka juu kabisa kwenye matangi ya maji. Mwanzoni nilikuwa nakaa chini kila ghorofa, nahema. Mlinzi alinicheka: "Bibi, huko juu unamfuata nani?" Nikamjibu, "Mwanangu." Siku hizi napanda moja kwa moja, tena huku naimba.

Maana nakumbuka ulivyoniambia kwenye simu: "Mama, ningekuita uje, ila naishi ghorofa ya tano na lifti hakuna. Kwa mwili wako hutaweza." Hukulitaja tena, nami sikukuuliza. Mjukuu wangu sijampakata hata siku moja, na nasikia ameshaanza shule.

Sasa ngazi naziweza, baba. Kama ipo sababu nyingine, niambie, nayo niifanyie mazoezi.

Ni mimi mama yako,
mwepesi kuliko ulivyoniacha.