Lenzi Iliyokuja na Kamera

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baridi. Mlima haujaonekana tangu wiki iliyopita. Studio wateja wawili, wote picha za pasipoti.

Nimetoa lenzi zote mbili mezani nikazifuta. Ile ya kwanza, iliyokuja na kamera, ina vumbi mpaka kwenye kifuniko. Ni ya kuvuta – unapanua, unakaza, bila kuhama uliposimama. Ya pili ni ya milimita hamsini tu. Haivuti. Nikitaka kumkaribia mtu, natembea. Nikitaka watu wengi waingie, narudi nyuma mpaka nigonge kitu. Lakini ndiyo inayonilisha. Siku hizi kila bibi harusi wa Sokon anataka nyuma yake kuwe na ukungu. Ya kwanza haijui ukungu. Inaonyesha kila kitu, hadi ndoo.

Niiuze au nibaki nayo? Sababu za kuuza: siitumii. Sababu za kubaki nayo: bado natafuta.

Lesian amepita tena kuiulizia. Anatembeza wageni milimani, na lenzi yake iliangukia mtoni mwezi wa sita. Anasema, "Dada Ndeshi, umeifungia kabatini kama mwali. Niuzie, ikaone dunia." Nimemwambia nafikiria. Akasema nafikiria tangu Pasaka.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimempigia Mama kuhusu shughuli ya Baba. Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo siku yenyewe: shukrani ya kutimiza miaka sabini. Ibada kanisani, chakula nyumbani Akheri, kisha picha ya familia mbele ya mlango. Picha ni kazi yangu. Baba anataka kubwa, ya kutundika sebuleni, ipigwe pale pale mlangoni kwa sababu nyumba aliijenga mwenyewe. Na isiwe ya simu. Simu inawavuta watu wa pembeni. (Kweli. Kwenye picha ya Krismasi Shangazi Esther ana bega kama kabati.)

Nikamwambia Mama, katika kuongea tu, kwamba lenzi yangu mpya haitatosha pale uwanjani. Kutoka mlangoni hadi banda la ng'ombe ni pafupi. Wa pembeni watakatika. Lakini ile ya zamani itawachukua wote.

Nikasikia Mama akiweka mwiko chini. Kisha, "Wa pembeni watakatika?"

Nikasema ndiyo, kwa ile mpya.

"Hata ukijitahidi?"

Hata nikijitahidi.

Akasema sawa, maharage yanaungua.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane. Nimefunga studio.

Mama amepiga simu – kuhusu lenzi. Mama! Miaka sita napiga picha, swali lake ni moja tu: nitaajiriwa lini. Leo anauliza ile lenzi ya zamani naiweka ya nini. Kitu kisichotumika kiuzwe, anasema, kinaleta mende.

Mama ana redio iliyoacha kuongea nikiwa darasa la nne. Anaifuta vumbi kila Jumamosi.

Nikamwambia yupo mtu anaitaka. "Basi mpe. Ila mpe kabla ya shughuli." Nikauliza kwa nini kabla. Akasema siku ya shughuli nitakuwa na kazi nyingi.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Nimeelewa katikati ya mahubiri. Mahubiri hayakuhusika.

Ni Ezra.

Niandike vizuri, maana nyumbani hakuna anayelisema. Ezra ni mtoto wa Baba, alimpata kabla hajamwoa Mama. Amenizidi miaka mitatu. Mama alikuwa hajui. Sisi sote tulikuwa hatujui. Mama yake Ezra alifariki mwaka juzi huko Babati, na baada ya arobaini Ezra akaja Akheri, akakaa kwenye kochi kubwa, akasema jina lake. Ana masikio ya Baba. Hakuomba kitu. Alisema alitaka tu kuona. Mama alimpa chai, akaenda kulala saa kumi na mbili jioni. Tangu siku hiyo anamwita "yule mgeni wa Babati."

Baba amemwalika kwenye shukrani. Amekubali kuja.

Kwa hiyo Mama hauzi lenzi. Mama anauza nafasi ya pembeni.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Nimekwenda Akheri kupima uwanja. Nimesimama mgongo ukigusa hori la ng'ombe, nimeweka hamsini. Ng'ombe mmoja amenilamba begani kazi nzima.

Mama amenionyesha mpangilio. Amesimama uwanjani na mwiko. Baba katikati, yeye kulia kwake, mimi na wadogo zangu nyuma nikishaweka kamera ijipige, shangazi na wajomba, wajukuu chini. "Na yule mgeni wa Babati pale." Mwiko ukaenda mwisho kabisa, kwenye tangi la maji.

Nimechungulia kwenye kamera. Tangi halimo.

Nikafunga kifuniko cha lenzi. Mama hakuuliza nimeona nini. Akarudi jikoni anaimba pambio.

Baba alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alikuwa bwana mifugo, huongea na watu kama anavyoongea na mifugo: maneno machache, sauti ile ile. Akaja akasimama kando yangu.

"Ile lenzi ya kwanza bado ipo?"

Ipo, Baba.

"Ile ilikuwa nzuri."

Akarudi kwenye majani. Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizotoa kuhusu Ezra.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Nikiipeleka, nimechagua upande wa Baba. Nikiiuza, nimechagua upande wa Mama. Nimekaa nayo mkononi nikiipanua na kuikaza. Inakwaruza kidogo ukifika mwisho. Plastiki tupu. Ilikuja bure ndani ya boksi pamoja na mkanda na kitabu cha maelekezo.

Mama alidanganywa miaka zaidi ya thelathini. Hilo nalo ni kweli.

Na Ezra hakumdanganya mtu. Hilo nalo.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nimeuza.

Lesian amekuja saa nne, ameigeuza, ameipuliza, amenipiga picha nikiwa nimenuna. "Dada, mbona sura kama umeuza figo?" Nikamwambia achukue aende. Kesho anaondoka na wageni, harudi mpaka Jumanne. Ameondoka anapiga picha mpaka mitaro.

Nilidhani nitasikia vibaya. Nimesikia wepesi. Sasa si mimi ninayemkata mtu. Ni umbali. Nitasema: kwa lenzi hii, kwa uwanja huu, haiwezekani. Na itakuwa kweli. Hakuna wa kunilaumu.

Saa moja jioni. Wepesi umeisha.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Akheri. Nyumba imejaa. Naandikia stoo, juu ya gunia la mchele.

Kitu cha kwanza Mama aliuliza: "Umeuza?" Nikasema nimeuza. Nilitegemea afurahi. Alisema "Haya," akaniangalia kidogo, akarudi kwenye sufuria.

Saa nane Ezra akafika, siku moja kabla! Kwenye bodaboda, na kreti mbili za soda mapajani. Kila mtu akajitafutia jambo la kufanya. Alimfuata Mama mpaka alipokaa na wanawake wakimenya ndizi za kesho. "Shikamoo, Mama." Mama alimaliza ndizi aliyoshika. Kisha, "Marahaba." Hapakuwa na kiti. Ezra akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akachukua kisu akaanza kumenya.

Shangazi Esther hawezi kuacha kitu kipite. "Jamani, mwanamume wa ndizi! Mkeo yuko wapi?"

"Babati, shangazi. Kanifukuza jikoni kwake, nimekuja kuomba hifadhi kwenu."

Walicheka. Hata mimi. Kweli alikuwa anamenya haraka kuliko sisi. Shangazi akasema, "Na nani kakufundisha hivyo?"

Akasema, "Mama."

Visu vikasimama vyote. Jogoo tu ndiye aliyeendelea na shughuli zake. Shangazi akaanza kuangalia kucha.

Mama, bila kuinua kichwa: "Na hakukufundisha kupaka mafuta mikononi kwanza? Utomvu huo hautoki. Kesho upigwe picha na mikono hiyo?"

Akamsukumia chupa ya mafuta ya alizeti.

Nimeandika kama alivyosema. *Kesho upigwe picha.* Nimekaa pale na ndizi mkononi, nikiwaza Lesian yuko njia gani sasa hivi na lenzi yangu. Nimempigia. Hapatikani.

Jioni Mama amekuja hapa stoo kuchukua chumvi. Chumvi ilikuwa jikoni. Akauliza, kwa ile lenzi iliyobaki, mtu asimame wapi ili wa pembeni wasikatike. Nikamwambia: ndani ya banda, mpaka ukuta wa nyuma. Akasema ndani ya banda kuna ng'ombe. Nikasema ndiyo, kuna ng'ombe.

Akatoka bila chumvi.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Ibada ndefu. Baba alitoa shukrani zake kwa sentensi tatu, mchungaji akaongeza arobaini.

Naandikia bandani, nimeegemea ukuta wa nyuma. Lazima niandike sasa, nikichelewa nitalipamba.

Tuliporudi kutoka kanisani nilikuta banda tupu. Ng'ombe wote wako kwa jirani. Sakafu imefagiwa, imemwagiwa maji, na pale pa kusimama mimi pametandikwa gunia kavu. Hori limesogezwa. Buti za Mama ziko nje ya mlango wa jikoni, zimeoshwa, bado zinachuruzika. Nimewauliza wadogo zangu nani kahamisha ng'ombe. Hawajui. Nimemuuliza Baba. Ametazama buti muda mrefu, akasema hajui.

Mama alikuwa tayari na vitenge vyake vipya. Akanionyesha kwa kidevu: "Simama humo. Usikanyage pembeni, panateleza."

Nimeweka kamera. Nimeweka jicho.

Wameingia wote! Upande mmoja Shangazi Esther, na bega la kawaida kabisa. Upande wa pili tangi la maji, zima, na Ezra mbele yake, amefunga vifungo vyote vya shati, mikono mbele. Ni misafi. Nafasi imebaki hata ya kuku kupita. Ukungu hakuna hata kidogo, nimebana tundu la mwanga kwenye lenzi ili wote watoke wazi. Ndoo inaonekana. Iache.

Kuna kiti kimoja hakina mtu. Cha kulia kwa Baba.

Mama yuko hapa nje ya banda, hatua chache kutoka nilipo, upande wangu wa kamera. Ameshika kamba ya ndama. Ndama pekee ndiye ambaye hakupelekwa kwa jirani. Nimemwambia, Mama, tunakungoja wewe. Anasema pigeni tu, yeye anamshika ndama, akiachiwa atawaharibia picha.

Nikasema tumfunge kwenye nguzo.

Anasema nguzo imeoza.

Mchungaji ameomba amalize chai kwanza, kwa hiyo tunangoja. Hakuna aliyetoka kwenye nafasi yake. Baba ameweka mkono juu ya kile kiti, kama mtu anayezuia kisichukuliwe. Ezra ametoka kwenye tangi, anakuja huku polepole. Amesimama mbele ya Mama. Sauti ndogo, lakini nimesikia: "Mama, nipe mimi kamba. Wewe nenda kakae."

Mama hajampa. Hajamkatalia pia. Amesema ndama huyu hana adabu, hamjui mgeni, atakimbia.

Ndama amelala.