Masomo ya Nuriati

Gisenyi, Jumanne

Dada Zamida,

Huku Mama hajambo, na sambaza, dagaa wetu wa ziwani, zimejaa sokoni.

Masomo yangu ya kushona yamepotea yote. Sikuwa na tovuti. Video nilizokuwa nikituma kwenye kundi la WhatsApp zilikaa ndani ya simu yangu, nayo imezama ziwani. Wanafunzi wa zamani walishazifuta. Wapya wa Rugerero wananiuliza, "Mwalimu, somo la kola liko wapi?" Nawaambia wasubiri.

Siwezi kurekodi tena, dada. Nilipooza upande mmoja mwezi wa tatu, na mkono wa kulia haushiki mkasi. Nilimkataza Mama asikuambie.

Wewe ulisoma na kundi la kwanza. Tafuta kwenye simu yako, nakusihi. Hata video moja tu, nikiwa nakata kitambaa.

Mdogo wako,
Nuriati