Majina Yaliyokuwa Ndani ya Kompyuta Yako

Kabula mwanangu,

Mama yako nipo, mzima, na kunyamaza bado sijajifunza. Tangu tukuzike, kila anayeketi barazani kwangu lazima asikie kwamba Mkolani nzima hakuna mwingine aliyezaa binti wa kompyuta, na kwamba karo yako ilitoka kwenye nyundo hii hii ya kuvunjia kokoto. Wanaitikia tu. Wamenizoea.

Sasa sikiliza. Ile kompyuta uliyopewa zahanati ilipofungwa, ile uliyokuwa ukichapia majibu ya damu za watu, ilipata mnunuzi. Bwana mmoja wa Kirumba, suti, viatu havina hata vumbi. Ana mvi kunizidi mimi, lakini alinipa shikamoo mara mbili. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Chuma kibovu hakiinamiwi hivyo. Akasema anaitaka hivyo hivyo ilivyo, tusijisumbue kuisafisha. Akauliza kama kuna mtu ameiwasha tangu ufe.

Mdogo wako Masanja akaniambia nisiwe na wasiwasi, ameshafuta kila kitu. Na kidato cha nne chake chote! Mimi wa darasa la nne nilimcheka. Nilikumbuka siku ulipoifuta barua yangu kwa mjomba wako, naona kwa macho yangu, kisha ukaingiza kidiski chako, ukabonyeza bonyeza, ikarudi yote pamoja na salamu zake. Nilishtuka kama nimeona mzimu. Ukasema, "Mama, kufuta ni kung'oa kibao cha mlangoni tu. Mwenye nyumba bado yumo ndani."

Basi nikamwambia Masanja atafute kidiski kile, aingize. Majina ya waliopimwa damu yakaanza kurudi, moja moja. La tatu lilikuwa la mtu ninayesalimiana naye kila asubuhi. Nikamwambia azime.

Akasema ipo njia ya kuandika mambo mengine juu ya yale ya zamani mpaka yapotee kabisa. Labda. Mimi sikuiamini, kilichofunikwa hufukuliwa. Akafungua boksi kwa bisibisi, akanitolea kile kidude kizito kinachotunza kumbukumbu. Ndani kina visahani vinavyong'aa kama kioo. Kabla sijapiga, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nataka kwanza tulitafute jina lako humo.

Mwanangu, nyundo niliishika muda mrefu. Watu wana majibu yao juu ya kilichokuua, mimi mama yako sina. Lakini majina ya wenzio uliyafunga mdomoni mpaka mwisho, na mimi ndiye nije kulifungua lako?

Nikapiga. Nimevunja mawe miaka mingi, sijawahi kupiga kitu namna ile.

Yule bwana aliporudi nikampa boksi lake. Akalitikisa, akachungulia kwa nyuma, akaliweka chini. Safari hii aliondoka bila shikamoo hata moja.

Kesho yake fundi alikuja kusakafia kaburi lako. Kokoto ni zangu, sikutaka za kununua. Vile vipande vya visahani nikavichanganya humo humo kwenye zege, fundi akapiga mwiko juu. Kwa hiyo siri za watu umelala nazo, kama ulivyozoea.

Pumzika, Kabula. Ahadi yangu ni hii: atakayekuja kuniuliza ulikufa kwa nini, nitamweleza ulivyoishi, na hatainuka mpaka nimalize.

Ni mimi, mama yako.