Kaburi Tuliloahidi Pap Onditi

Milimani, Kisumu
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa wifi yangu Awuor,

Nakusalimu kutoka veranda ya nyumba yenu, kwenye kile kiti cha kamba ambacho marehemu baba yako hakutaka mtu mwingine akikalie. Nakikalia kwa kuwa hakuna wa kunifukuza. Habari za Winnipeg? Baridi imeshaanza? Mgongo wa Sam umepoa, ama bado anaubeba pamoja na ubishi wake? Na Sheryl, bado anakataa ugali? Mwambie asijali. Mimi nilipoolewa huku Nyakach kutoka Maragoli nilikataa samaki miaka miwili, na leo nala mpaka macho.

Sisi huku tu wazima, ukiondoa mmoja, na huyo nitamfikia. Mume wangu Griffins alipanda mtama karibu na mto nikimwonya, na mvua imebeba nusu. Anasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nasema ni masikio yake.

Barua hii nimempa Daktari Wechuli, jirani yetu, anayekuja huko kwa mkutano. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu mimi ni mwanasiasa, wifi. Nasikia sauti ya mtu na nampa anachotaka kusikia. Kwenye karatasi sikusikii, kwa hivyo huenda nikasema kweli.

Acha nianze na lililo gumu kabla sijageuka. Kila ulipouliza habari za Mama nilikuambia anaendelea vizuri. Haendelei vizuri. Figo zimechoka na moyo nao umeanza kuzifuata. Tangu Agosti daktari alitueleza kwamba anachoweza ni kupunguza maumivu tu. Mama alinikataza kukuambia mpaka karatasi zako za ukaazi huko zikamilike, lakini nitakuwa mwongo mara mbili nikijificha nyuma ya katazo lake. Nilinyamaza kwa sababu ungekuja, na ungekuja ungemuuliza anataka nini. Mimi nilikuwa nimeshajua anachotaka, na sikutaka kisikike.

Ilikuwa Septemba, nimemletea uji wa wimbi. Alikuwa ameketi kitandani na ile sari nyeupe aliyoishika tangu baba yako atutoke. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza sukari dukani, "Kageha, mimi nikienda mnichome. Pale kwa Wahindi, hapa hapa Kisumu. Mama yangu alichomwa, nyanya zangu wote walichomwa. Majivu mpeleke Dunga, mmwage kwa ziwa." Kisha akaongeza, "Lakini wewe ndiye Mheshimiwa sasa. Najua kuna ile maneno ya kaburi."

Nikamwambia, "Mama, wacha kuongea hivyo, utapona." Ndilo jibu la mtu asiyetaka kujibu. Aliniangalia kidogo, akaendelea na uji wake.

Hayo maneno ya kaburi wewe uliyasikia kwa mbali tu, maana ulikuwa umeshaondoka. Niyaeleze yote, na unisamehe nikianzia mbali. Aibu yangu haina uzito bila kujua mama yako alitoka wapi.

Unajua alizaliwa Virangadh, kwenye lile jumba la mawe, binti wa mfalme mdogo ambaye baadaye serikali ya India ilimnyang'anya posho na cheo lakini watumishi hawakuacha kumwinamia. Unajua alikutana na baba yako chuoni Baroda, Mathews akisomea mifugo, na kwamba alikuja naye Pap Onditi mwaka wa sabini na tano hajui kuwasha moto wa mafiga matatu. Wanawake walimwita Nyar Ruoth, binti wa mfalme, na mwanzoni ilikuwa kejeli kwa vile alishika jembe kama kijiko. Jina likamganda. Akalilima mpaka likazaa kura.

Kisa nikipendacho mimi ni cha vyoo vya soko. Wanawake wa sokoni walikuwa wamezungushwa miaka mingi, njoo kesho, njoo kesho kutwa. Mama akachukua kiti chake cha kukunja, akaketi mlangoni kwa karani wa baraza kuanzia asubuhi, akafuma sweta. Karani alipomwambia atachoka, akamjibu kwamba kwa baba yake watu walikuwa wakimngoja mfalme tangu asubuhi mpaka jioni, na yeye alikuwa upande wa ndani akiwachungulia. Anajua ni nani huchoka kwanza. Sweta ilipofika kwenye mikono, karani alichoka, na vyoo vikajengwa. Ndipo walipomsimamisha udiwani, na akakaa barazani vipindi viwili. Sijawahi kuona mtu aliyezaliwa kuinamiwa akijua kuinama vile.

Sasa ile ya kaburi. Mwaka wa 2013 alipogombea uwakilishi wadi, mpinzani wake alikuja na neno moja tu, akalizungusha kila mahali. Mwanamke huyu ni Mhindi, akifa atachomwa kwa kuni Kisumu. Mtu asiyeacha kaburi kwenu, atawaachiaje barabara? Awuor, neno hilo lilikuwa linatumaliza. Watu waliokula na kunywa kwake walianza kumtazama kama mgeni aliyekawia kuondoka.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha kampeni yake. Siku ya mkutano mkubwa Pap Onditi nilishika maikrofoni kabla yake, nikasema Nyar Ruoth atalala ubavuni mwa mume wake, mahali pameshapimwa, asiyeamini aje aone. Hapakuwa pamepimwa. Nilikwenda kumwita Enos fundi aweke mstari wa matofali kando ya kaburi la Mathews, na wiki hiyo watu walikuja kuyaangalia makundi kwa makundi. Kumchorea kaburi mtu aliye hai! Baba Joram, baba yake Griffins na ndugu wa baba yako, hakunisemesha mpaka uchaguzi ulipopita, na haki ilikuwa yake. Lakini tulishinda. Mama alipopewa maikrofoni siku ile alisema tu, "Mmesikia mkwe wangu." Nilidhani ananiunga mkono. Sasa nikiyakumbuka maneno yale nasikia mtu aliyefungiwa mlango.

Na mwaka wa 2022 alipostaafu akanikabidhi kiti, mimi nami niliyatumia matofali yale yale. Nilisema nyumba yetu si ya kuhamahama, hata makaburi yetu mnayajua.

Basi ile siku ya uji nilitoka Milimani nikiendesha gari kurudi nyumbani. Wa sokoni wataniacha, nikajiambia. Wa kanisani watasema nimewaletea mambo ya dini nyingine. Ufuoni labda nitabaki na nusu, na nusu hiyo haitoshi 2027. Mpaka nafika Katito nilikuwa nimeshaigawa wadi nzima. Pale njia panda ya Kendu Bay nikasimamisha gari kando, maana niliona ninachofanya. Mama yuko hai, anakunywa uji nilioupika kwa mikono yangu, nami nahesabu kura juu ya maiti yake. Nililia, lakini usinihurumie, kwa sababu nilipomaliza kulia nilinyamaza wiki nyingine nyingi.

Aliyenifungua mdomo ni Enos, bila kujua. Alisikia Mama ni mgonjwa, akaja kuniuliza kwa heshima kama ayapake yale matofali chokaa mapema. Nilikuwa nimeshaanza kutikisa kichwa kukubali. Nikamwambia angoje kwanza, nikaenda moja kwa moja kwa Baba Joram nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akiendelea kukaza spoki za baiskeli yake. Akasema, "Nyinyi wawili mlichora hiyo kaburi bila mimi. Sasa mnanitafuta nifute." Kesho yake alivaa koti lake la harusi, nikamleta hapa.

Aliketi kando ya kitanda, akamuuliza, "Nyar Ruoth, wewe mwenyewe unataka nini?"

Mama akamjibu, "Shemeji, hiyo swali imechelewa, lakini imefika." Akamwambia kuhusu moto. Halafu akamwambia na jambo ambalo mimi nisingeliwaza kamwe. "Na kaburi pia muweke. Watu niliahidi nitawapa. Mzike yago."

Unaikumbuka yago, wifi, lile tunda refu na zito ambalo wazee huzika mahali pa mtu aliyepotea ziwani asipatikane, ili naye awe na kaburi kwao. Baba Joram alikunja uso. "Yago ni ya mtu amepotea. Wewe umepotea wapi, na mimi nakuona hapa unakunywa chai?"

"Joram, mimi nimehudhuria matanga kushinda nyinyi wote," Mama akasema. "Kila Jumamosi, miaka yote ya siasa. Nimesimama kwa kaburi ya yago mara ngapi, nikiongea maneno ya kufariji. Najua ni ya nani."

Kisha akatueleza kitu, Awuor, ambacho sidhani amewahi kukuambia. Ulijua babu yako alimkataa alipoolewa na Mwafrika. Hukujua alivyomkataa. Kaka yake ndiye aliyemsimulia baadaye. Babu yako aliamuru makuhani watengeneze mtu wa nyasi, wakamvika bangili za mama yako, wakamchoma kando ya mto kama maiti. Akanyoa nywele. Akakaa matanga. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja jina lake, Hansaba, ndani ya jumba lile.

"Kwetu walinichoma nikiwa sipo," akasema. "Hapa mtanizika nikiwa sipo, na hiyo ni sawa, mimi ndiye nimekubali. Lakini moto, shemeji, safari hii nataka niwepo."

Baba Joram alivua kofia, akaiweka gotini, akaivaa tena. Akasema, "Sawa. Yago nitaitafuta mimi."

"Isiwe kubwa sana," Mama akamjibu. "Nimekonda." Walicheka wote wawili, na mimi nikatoka nje kwa kuwa sikustahili kicheko kile.

Aliponiita ndani alinipa kazi moja, niende nikayaseme nilipoyasemea. Jana kulikuwa na mazishi Pap Onditi. Nilisubiri wenye msiba wamalize, nikaomba ruhusa yao, nikashika maikrofoni. Nikawaambia kwamba kaburi lile niliwaahidi mimi bila kumuuliza mwenyewe, kwamba Nyar Ruoth atachomwa kwa desturi ya mama zake, na kwamba ubavuni mwa Mathews patazikwa yago kwa idhini ya ukoo. Mwanamke mmoja muuza mboga, tena wa kundi letu tangu siku za vyoo, akauliza kwa sauti, "Kwa hivyo mlitudanganya?" Nikamwambia, "Mimi ndiye nilidanganya. Yeye hapana." Watu wengine waliinuka wakaondoka. Mzee mmoja alisema yago kwa mtu aliyeonekana italeta balaa. Leo asubuhi mpinzani wangu ameshaanza kuwapigia watu simu. Kiti huenda kikaenda, na kikienda sitasema nimeonewa.

Sikuandikii ili unisafishe. Nimekuwekea mama yako mbali kwa maneno mazuri, miezi hii yote, wakati ungeweza kuwa hapa ukimsugua miguu. Hilo siwezi kulifuta kwenye mkutano wowote. Ila wewe ndiye mtoto wake wa pekee, na kwa desturi yao mkono wa mtoto ndio unaowasha ule moto. Daktari hasemi ni lini, anasema tu tusingoje Krismasi. Karatasi ziache. Usije kwa ajili ya mazishi, wifi. Anataka safari hii awepo, basi njoo nawe uwepo angali anaweza kukuona.

Griffins anakusalimu sana, na kwa mara ya kwanza amekubali kwamba mtama ulikuwa wazo baya. Baba Joram anakusalimu. Amepata mti wa yago karibu na mto na hataki mtu mwingine auguse. Enos fundi naye anakuuliza hali. Tusalimie Sam na Sheryl, na mama mkwe wako wa huko ukimwona.

Mama ameamka, anauliza kwa dirisha naandika nini. Nimemwambia namwandikia Awuor. Amesema nikusalimu, na nikuandikie kwamba anaendelea vizuri. Hilo siliandiki.

Mungu wa mama zetu wote akufungulie njia upesi.

Wifi yako anayekupenda, hata kama leo utashindwa kunipenda,

Kageha