Matuta ya Karuba

Lushebere, tarehe 6/11/2012

Josiane mutoto wangu,

Uko aje huko Goma? Kile kikohozi kilikuacha? Miye niko muzima, mugongo tu njo unanisumbua, na baridi ya hii kambi ya wakimbizi haituhurumii.

Karte yako, ile ramani ya Masisi, ilifika! Prezida wa kambi aliibandika ku ukuta wa kanisa. Nikaambia wote: "Mutoto wangu njo aliichora, na ordinatere, ile kompyuta, hapana mukono!" Papa Sebahire, jirani yetu wa Karuba tulikokimbia, akacheka: "Na wangu anachora mbuzi, Mama Josiane." Nikamunyamazisha. Nikakata kona ya chini yenye jina lako, nikaiweka mu Biblia yangu.

Lakini nimechanganyikiwa kidogo. Karuba umeipaka kijani, na juu yake mistari myembamba ya kulala upande, mizuri, sawa matuta ya viazi ku kilima. Basi watu wamerudi kulima? Na Lushebere haina hata tuta moja, wakati tunalima hapa kila siku! Sebahire alikaza macho pale. Sasa anatafuta mbegu.

Mama yako

Goma, tarehe 13/11/2012

Mama mupenzi,

Kikohozi kiliisha. Mugongo paka ile dawa, usiifiche.

Mama, ile si matuta! Kijani ni ya Masisi yote. Mistari ni pale wanapigana, mutu asipite. Niliifanya myembamba kusudi majina ya vijiji yasomeke, na bosi alinisifu. Maelezo yote yalikuwa kando ya jina langu, mu ile kona uliyokata.

Simu yako haipiti. Nimemupa dereva anayekuja huko barua hii, akukabizi mukononi. Zuia Papa Sebahire!

Binti yako, Josiane

Lushebere, tarehe 25/11/2012

Josiane,

Leo usiniulize niko aje. Barabara ilifungwa, dereva alikwama Mushaki siku nane. Sebahire alikuwa ameshaenda Karuba, na mbegu yake kichwani, anaimba.

Kona nimeirudisha ukutani, nimeibandika na bugali. Nimeisoma mara tatu na bado sielewi: kama ni vita, sababu gani uliichora vizuri hivyo? Jina lako wote wanalisoma. Miye napita pale nimeinama.

Athanasie, bibi aliyeolewa na Sebahire, alibaki na watoto. Kila asubuhi anaweka kidole ku Karuba, anasema: "Mama Josiane, wewe njo unajua karte. Sebahire iko mu tuta gani?"

Nimujibu nini?

Mama yako